Ondoa Saa Moja

Ofisini walimwita Kamusi, na jina hilo hakulipenda. Lilianza siku yake ya kwanza katika kitengo cha mafunzo cha shirika la maji, alipomuuliza karani wa mapokezi neno "kizibo" pale kazini lina maana ya cha chupa au cha bomba. Karani alicheka hadi akashika meza. Kufika mchana hata walinzi wa getini walikuwa wanamwita Kamusi, na jina likishaganda midomoni mwa walinzi, ufanye ufanyavyo, halibanduki.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mwanamke mwembamba, mwenye miwani ya kamba, aliyesahihisha insha za watoto wa watu mpaka macho yakaanza kumwasha. Shirika lilimtafuta kwa kazi moja. Kitabu cha mwongozo wa mtandao wa pampu kilikuwa kwa Kiingereza, kinene kama tofali, na mafundi wa vituoni walikuwa wanakitumia kuzuilia mlango usijifunge. Meneja alitaka kiwe cha Kiswahili.

"Wewe geuza tu maneno, mwalimu," alimwambia. "Si kazi kubwa hiyo kwa mtu wa lugha."

Kamusi alitabasamu kwa heshima. Baadaye alijilaumu kwa tabasamu lile.

Maji ya mji ule yalitoka kwa mgao, mtaa huu alfajiri, mtaa ule jioni. Hakuna mtu aliyezungusha vali kwa mkono tena. Kila kituo kilikuwa na kompyuta ndogo iliyofungua na kufunga kwa ratiba, na ili vituo visipishane, vyote vilipokea wakati kupitia mtandao kutoka makao makuu. Huko, ndani ya kabati la chuma lenye feni inayonguruma kutwa, zilikaa mashine tatu za kutunza wakati. Zikikubaliana, mji unapata maji. Moja ikienda kombo, fundi wa zamu anaitoa kundini na mbili zilizobaki zinaendelea na kazi.

Hadi hapo Kamusi alielewa vizuri. Balaa lilikuwa kwenye majina. Ujumbe wa wakati unaposafiri kutoka makao makuu hadi kituoni, safari inachukua muda, na muda huo una jina lake. Safari ikiwa mara fupi, mara ndefu, bila mpangilio, hilo nalo lina jina. Saa ya kituo ikiachana kidogo kidogo na ya makao makuu, jina. Umbali zilioachana kwa sasa, jina jingine. Waingereza wamegawana mambo hayo manne kama ndugu waliogawana shamba, kila mtu na mpaka wake. Kwa Kiswahili cha nyumbani, yote manne ni "kuchelewa". Ukimwambia fundi kuna kuchelewa, atakuuliza ni nani hajafika.

Basi akaanza kuwinda maneno. Aliwinda sokoni, kwenye foleni ya benki, hata jikoni kwake. Siku moja mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa anaongea na mdogo wake kwa simu, na mtandao ulikuwa mbovu. Bibi akafoka: "Sema vizuri! Umeanza kigugumizi uzeeni?" Kamusi aliacha mwiko ndani ya sufuria akakimbilia kalamu. Kigugumizi! Maneno yanatoka, lakini hayatoki kwa mwendo mmoja. Hapo hapo tatizo la safari zisizo na mpangilio likapata jina.

"Nimesema nini cha ajabu?" mama mkwe aliuliza.

"Umenisaidia, mama."

"Basi geuza ugali, unaungua."

Hivyo hivyo ndivyo alivyopata "kulegea" kwa saa inayoachana na wenzake, "pengo" kwa umbali walioachana, na "hodi" kwa kile kitendo cha kompyuta mbili kuulizana na kuitikiana kabla ya kuanza kutumiana data. Mmoja anabisha, wa pili anakaribisha, wa kwanza anaingia. Alilipenda sana neno hilo. Alijiona amepata dhahabu.

Neno lililomtesa kuliko yote lilikuwa dogo: saa. Saa ni kile kilichoko mkononi. Saa ni dakika sitini. Saa moja ni kifaa kimoja, ni kipindi kimoja, na ni wakati jua linapotoka. Kitabu kizima kilihusu vitu hivyo vitatu, na neno lilikuwa moja. Baada ya kuhangaika sana aliunda neno la zile mashine za kabatini: kitoawakati. Halikuwa zuri, alijua. Lakini lilikuwa na "ki" mbele, na hiyo "ki" iliokoa maisha. Kitoawakati kimoja kikipishana na vingine, kiondoe. Hapo hata mtu mwenye usingizi hawezi kudhani anaambiwa habari za dakika sitini.

Kisha ikaundwa kamati.

Alikuwepo mhandisi mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwepo mwalimu wa chuo kikuu, aliyekuja na mkoba wa ngozi na hakuwahi kuufungua. Kamusi akawa katibu, maana yake aliandika yale aliyokuwa anayapinga.

"Hodi?" Mhandisi alisukuma karatasi. "Kompyuta inabisha hodi? Mafundi watatucheka."

"Wacha wacheke, Mhandisi, ilimradi wameelewa."

"Na hili la kigugumizi ndiyo utani kabisa. Duniani kote wanasema jita. Andika jita."

"Jita si neno," mwalimu wa chuo alisema, akivua miwani. "Mimi napendekeza mtukutiko. Linatokana na kutukuta."

"Nani anatukuta?" Mhandisi aliuliza.

"Ujumbe."

"Ujumbe unatukuta?"

Walibishana mpaka chai ikapoa na sambusa zikaisha. Meneja, aliyepita kuangalia kazi imefikia wapi, aliwapatanisha kwa haraka ya mtu mwenye kikao kingine. Sura za mwanzo zifuate maneno ya Mhandisi, za mwisho zifuate ya mwalimu wa chuo. Kamusi alimtazama akidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwa hiyo kitu kile kile kikaitwa jita katika nusu ya kwanza ya kitabu na mtukutiko katika nusu ya pili, kana kwamba njiani kiliolewa na kubadili jina.

Kitoawakati nacho hakikupona. Mhandisi hakusubiri hata kikao. Alichukua faili kwenye kompyuta yake, akaiamuru ibadilishe kila penye "kitoawakati" iweke "saa", akairudisha na ujumbe mfupi: "Saa ni saa. Watu wanajua." Kamusi alipofungua faili asubuhi alidhani anaota. Kila ukurasa ulikuwa na "saa kimoja kikipishana na vingine", "saa hiki", "saa vitatu vya kabatini". Sarufi ilikuwa imelala chali kama mende.

Alikwenda kwa meneja. Meneja alikuwa tayari amewatangazia wakubwa siku ya uzinduzi.

"Si urekebishe tu, mwalimu? Wewe ndiye mtu wa lugha."

Akarekebisha. Alikaa akiichambua sentensi baada ya sentensi, taya zimekaza, akivigeuza "kimoja" kuwa "moja" na "vingine" kuwa "nyingine", na kila alivyoendelea ndivyo hasira ilivyozidi na umakini ulivyopungua. Mahali fulani katikati ya kazi ile alifika kwenye maagizo ya mashine inayokwenda kombo. Akasahihisha upatanisho, akaandika: "Saa moja ikipishana na nyingine, ondoa saa moja kwenye mfumo." Aliisoma mara moja. Kitu fulani kilimgusa begani, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Akasema moyoni, si wao wametaka saa? Haya, saa hiyo. Akashuka mstari unaofuata.

Kitabu kikazinduliwa, watu wakapiga picha, mafundi wakagawiwa nakala zinazonukia wino.

Ilipita miezi kadhaa ya amani. Kisha alasiri moja, mashine moja kati ya zile tatu ikaanza kwenda kombo. Kwenye zamu alikuwepo fundi mmoja mtaratibu, mzazi wa mapacha, asiyependa kubahatisha. Kwenye kioo maandishi mekundu yalimwambia kuna tofauti ya wakati. Akampigia mhandisi mkuu simu, simu imezimwa. Akapiga tena. Ndipo akafanya jambo ambalo kila kiongozi wa shirika alikuwa amemwomba alifanye: akafungua kitabu.

Ondoa saa moja kwenye mfumo.

Alisoma tena ahakikishe. Akaingia kwenye mpangilio wa wakati, akapunguza saa moja. Mashine zilitii, vituo vyote vikatii, na onyo jekundu, kwa sababu zile mashine zilikuwa zimeanza kupangwa upya, likapotea kwa muda. Fundi akaandika kwenye taarifa ya zamu kwamba tatizo limetatuliwa kwa kufuata mwongozo. Akaenda nyumbani kwa mapacha wake.

Alfajiri iliyofuata mji uliamka ukasubiri maji. Watu walifungua mabomba, wakaweka ndoo chini, wakasikia bomba linakohoa hewa. Wakasubiri. Waliosubiri wakachoka, watoto wakaenda shule bila kuoga, wakubwa wakaenda kazini wakilisema shirika kwa maneno ambayo Kamusi asingeyaweka kwenye kitabu chochote. Na kwa sababu mtu aliyekasirika hakumbuki kufunga bomba, maji yalipokuja baadaye, saa nzima nje ya ratiba, yalikuta nyumba tupu na mabomba wazi. Yakajaza ndoo, yakajaza masinki, yakaingia vyumbani.

Kamusi alikuwa ameshafika ofisini simu yake ilipolia. Alikuwa mume wake, kinyozi, na nyuma yake kulisikika mteja akilalamika kuachwa na nusu ya kichwa.

"Rudi nyumbani. Mama amelala, kaamka anaelea."

"Anaelea vipi?"

"Godoro, mke wangu! Godoro liko majini! Alifungua bomba, akangoja, akachoka, akajilaza. Nimepigiwa na jirani."

Alimkuta bibi ameketi juu ya meza ya chakula, miguu imening'inia, kashika redio kifuani. Hakuwa ameumia. Alikuwa na hasira tu, na hasira yake ilikuwa kavu kuliko kitu chochote mle ndani.

"Huko kwenu kazini hamna saa?" aliuliza.

Kamusi alikuwa anakamua zulia. Swali likamwingia taratibu. Akasimama na zulia mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko, na ile sentensi ikamjia nzima nzima, na nukta yake mwishoni.

Kikao cha uchunguzi kiliitishwa siku iliyofuata. Fundi wa zamu alikaa pembeni, kofia magotini. Mhandisi mkuu alisema mtu mwenye akili timamu hawezi kuuondolea mji mzima saa nzima.

"Nilisoma, bosi," fundi alisema. "Nikafanya kilichoandikwa."

"Basi hukuelewa ulichosoma," meneja alisema. Akamgeukia Kamusi, kitabu kiko wazi mbele yake. "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Sentensi hii ina kosa?"

Kamusi aliitazama. Alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Haina kosa la sarufi."

Ilikuwa kweli tupu. Fundi aliinua macho, akamtazama mara moja tu, akayashusha tena kwenye kofia. Meneja akaanza kumwambia karani aandike kwamba fundi anasimamishwa kazi. Karani akaandika. Kamusi aliisikia kalamu inavyokwaruza karatasi, na uso ukamwaka kama aliyepigwa kofi.

"Subiri," alisema. "Nimejibu vibaya."

Wote wakamgeukia.

"Sarufi haina kosa. Lakini sentensi ina njia mbili, na yeye alipita ile iliyo wazi zaidi. Saa moja ni mashine moja, na saa moja ni dakika sitini. Ningekuwa mimi kwenye zamu, labda ningefanya hivyo hivyo."

"Sasa tunalaumu lugha?" Mhandisi aliuliza.

"Hapana. Neno mlibadilisha ninyi, na nilikuja kulalamika hapa hapa. Ila sentensi niliiandika mimi. Nilikuwa na hasira, nikaiona imekaa vibaya, nikaiacha ipite."

Mhandisi alianza kuchezea kifuniko cha kalamu yake. Meneja akapumua kwa nguvu.

"Kwa hiyo mnataka niwasimamishe watatu? Nibaki naendesha pampu mwenyewe?"

Mwisho wa yote fundi hakusimamishwa. Alihamishiwa kituo cha tanki la juu, mlimani, mbali na makao makuu, kwa kile barua ilichokiita mahitaji ya kazi. Kitabu kikaondolewa vituoni. Kamusi akaambiwa aandae toleo la pili, na kwamba kamati itaitishwa. Aliposikia neno kamati alitoka nje, akapanda ngazi hadi juu, akazishuka, akapanda tena, kwa sababu hakuwa na kitu cha kupiga teke.

Nyumbani godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, uani, likikaukia upande mmoja.

"Si uache kazi yenyewe?" mume wake alisema kwa upole. "Kila jioni unarudi umenuna. Rudi shule."

"Nikiacha, nani atabadilisha ile sentensi? Yule wa saa ni saa?"

"Mimi nakuuliza tu."

"Basi usiniulize."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa: "Mwache, baba. Anayemkasirikia hayupo hapa."

Jumamosi Kamusi alipanda mlimani. Fundi alimkuta kwenye lango la kituo, anahema, ana rundo la karatasi kwapani. Hakumkaribisha.

"Umekuja kunifundisha kusoma?"

"Nimekuja unisomee. Kila agizo nililoandika, lisome, kisha nionyeshe mkono wako ungeshika wapi. Usiguse kitu, onyesha tu. Ukisita, nafuta."

Fundi alizitazama zile karatasi. "Kwa nini hukufanya hivi kabla?"

Kamusi alizihamishia karatasi kwapa la pili. "Nilidhani najua," alisema.

Fundi akamfungulia. Walikaa kwenye chumba cha mitambo, pampu zinanguruma, fundi anasoma kwa sauti, mkono unaelea hewani juu ya vitufe. Mkono uliposita, Kamusi alikata. Alikata sana. Kuna ukurasa ulibaki na mistari miwili. Kigugumizi, neno lake alilolipenda, fundi alilikataa kabisa.

"Mdogo wangu ana kigugumizi," alisema. "Sitaki kila mashine ikiharibika mtu ataje ugonjwa wa mdogo wangu."

"Lakini maana inaeleweka!"

"Inaeleweka. Ndiyo maana silitaki."

Kamusi alibishana naye karibu kama alivyobishana na kamati, kisha akalifuta, na moyo ulimuuma. Fundi alipendekeza kwikwi. Wakampigia fundi wa kituo cha mtoni kumuuliza, naye akasema kwao wanasema data inachechemea, na kwamba kwikwi ni ya walevi. Wa kituo cha tatu alisema yeye husema mtandao umekorofisha, basi, hana haja ya neno jingine. Kamusi alikaribia kulia kwa ghadhabu. Alikuwa ametegemea kwamba huku kwa watu wa kazi maneno yatakuwa yamekaa tayari, yakimsubiri. Kumbe na huku kila mtu alikuwa na lake.

Alirudi mlimani Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Mhandisi mkuu alisikia, akapanda mwenyewe siku moja, labda akitaka kuwakataza. Alisimama mlangoni akisikiliza fundi anasoma: "Mashine ya saa ikipishana na mbili zilizobaki, itoe kundini kwa kitufe hiki," na mkono ukashuka moja kwa moja mahali pake. Mhandisi akauliza kama kuna chai. Hakukuwa na chai. Akaondoka. Kwenye kikao cha kamati hakupinga "mashine ya saa". Ila alishikilia jita, na jita likabaki, safari hii kutoka mwanzo hadi mwisho. Hodi ilikufa pale pale mezani, mwalimu wa chuo na Mhandisi wakikubaliana kwa mara ya kwanza.

Toleo la pili lilitoka bila sherehe. Fundi alipewa nafasi ya kurudi makao makuu, akakataa, akasema mlimani kuna hewa na hakuna vikao.

Siku chache baadaye meneja alimwita Kamusi, akamwekea mbele kitabu kingine cha Kiingereza, cha mashine za kusafishia maji. Kilikuwa kinene kuliko cha kwanza.

"Wewe geuza tu," alisema.

Kamusi hakutabasamu. "Nitafanya kwa sharti moja. Kila agizo lipite kwanza mikononi mwa mafundi kabla halijaenda kwenye kamati yoyote. Na mniandikie hivyo, mtie sahihi."

"Tutaona, mwalimu."

"Basi na mimi nitaona."

Alikiacha kitabu pale pale mezani akatoka. Meneja alimtuma karani akirudishe kwenye meza ya Kamusi. Kamusi akakibeba akakipeleka tena. Walikwenda hivyo juma zima, karani akicheka kimoyomoyo na mgongo ukimuuma. Ijumaa alasiri meneja alifungua mlango wake mwenyewe.

"Haya," alisema, karatasi iliyotiwa sahihi mkononi. "Waite hao mafundi wako."

Kamusi aliisoma karatasi mpaka chini, akairudisha, akamwonyesha neno la mstari wa pili lililoweza kusomeka kwa namna mbili, akangoja mpaka likabadilishwa.